Mama wa Swichi

Mama anayewasha mitambo kwenye matangi yetu ya mahindi, yale ya mabati yaliyounganishwa kwa bolti kipande kwa kipande, hawashi kabla hajagonga kila tangi kwa kiganja na kuita, "Kuna mtu?" Mtambo ukiwaka, mahindi hutolewa kwa chini, yakamvuta mtu aliye ndani akazama. Jana mfagiaji wa matangi alikuwa bado ndani ya tangi moja, msimamizi akapiga kelele, "Washa bwana, malori yanangoja!" Mama alichomoa ufunguo, akautia kifuani, akamsogelea hadi pua zikakaribiana. "Ingia wewe kwanza," alifoka, "ndipo niwashe." Msimamizi akarudi nyuma. Mfagiaji alipotoka, mama alimkung'uta vumbi mgongoni kwa makofi mazito kama anayempiga.