Numbi na Tabaka Lisilo na Jina

Kolwezi, 1956

Saa mbili asubuhi, bati la ghala limeshaanza kulia kwa jua. Polycarpe Numbi amepiga magoti sakafuni, jiwe mkono huu, jiwe mkono ule. Anazikutanisha ncha zao zilizovunjika, anazizungusha taratibu, kisha anatikisa kichwa.

"Tata Numbi," anaita Séraphin, mwenzake wa ghala, "unapanga mawe ao unatafutia mutoto bwana? Kila moja unamukatala!"

"Nyamaza, ndugu. Mwenye kufaa hayakuya bado."

Mawe hayo ni marefu, ya mviringo kama fimbo nene. Mashine huyatoa ardhini kwa kutoboa, na wafanyakazi huyaita karoti. Numbi huyaosha na kuyapanga masandukuni kama yalivyofuatana chini, ili mwanajiolojia wa kampuni ajue tabaka lipi limelala juu ya lipi, na kulipatia jina. Jiwe kavu ni la kijivu tu. Likilowa ndipo linapoonyesha mistari yake na kijani cha shaba.

Kosa lilitokea Jumanne. Namba zinazoonyesha kila jiwe limetoka kina gani huandikwa juu yake kwanza kwa chaki, halafu hupakwa rangi ya mafuta. Numbi alidhani wenzake wameshapaka rangi. Akayatoa mawe ya masanduku matatu, akayaosha yote pamoja kwa bidii yake yote.

"Niliona maji inageuka mweupe," anasema. "Nikawaza ni mavumbi. Kumbe ni manamba ndiyo inaenda."

Ndani ya masanduku hayo mna tabaka ambalo mashine za Kolwezi hazijawahi kulikuta hapo kabla. Bado halina jina. Lisipopangika, itabidi kutoboa upya, na Numbi atarudishwa shimoni kushika koleo. Huko posho ni ileile, ila mgongo ndio unaolipa zaidi.

Tangu Jumanne ameunganisha karibu kila kipande, mvunjiko kwa mvunjiko. Kimebaki kimoja. Ncha zake zimesagwa na mashine, laini kama sabuni. Kinaweza kukaa juu ya mawe yenye mistari, au chini yake.

"Weka juu, tuende kukula," Séraphin anamhimiza. "Nani atakuya kuuliza jiwe?"

"Habatauliza, bataamini. Kesho batatoboa kwingine kufuata bile mi nilipanga. Hapana."

Anachonga vijiti viwili, anaviweka katika nafasi zote mbili ambapo kipande kingeweza kukaa. Kipande chenyewe anakilaza pembeni, peke yake. Mwanajiolojia atafika mchana, na Numbi atamweleza kosa hilo kwa mdomo wake mwenyewe.

Je, haogopi koleo? Anafuta mikono kwenye suruali, anacheka kidogo.

"Naogopa. Batoto bangu bote batatu balizaliwa mi niko mu shimo. Majina yabo nilisikia mu njia ya kurudia nyumba, batu balishaanza kuyaita. Hili jiwe, siku batalipatia jina, nataka nikuwe pale."