Kitwitwi Aliyevaa Kanzu

Saa saba mchana. Jua la Mikumi linachoma hadi kisogoni, na maji ya bwawa la viboko yanametameta mpaka macho yanauma. Cleopa Yeremia amelala kifudifudi kwenye tope, jicho moja amelifumba, jingine liko kwenye kamera. Hatua chache mbele yake, kitwitwi anatembea majini kwa miguu yake myembamba, anadonoa.

"Usitikisike, ndugu," anamnong'oneza ndege, kama anavyowaambia wateja wake.

"Huyo hana kadi ya TANU, hakusikilizi!" anamtania Lupakisyo, askari wa wanyamapori anayewaangalia viboko, bunduki mkononi.

Cleopa, mwenye miaka 38, ni mpiga picha wa Kimamba. Baba yake alikata mkonge. Yeye kwa miaka kumi na miwili amepiga picha za harusi na za kadi za chama. Safari hii kijiji chake cha ujamaa kimemtuma picha ya ndege, ya kutundikwa darasani. Mwalimu Hildegarda amechoshwa na bango la kikoloni lenye ndege wa Ulaya.

"Watoto wanawajua ndege wa kwenye theluji," anasema mwalimu. "Kitwitwi wanamwita kandege tu. Inaniuma sana."

Filamu ni adimu. Kijiji kilipata mbili, kila moja ya picha kumi na mbili. Ya kwanza iliharibika yote: matumbo meupe ya ndege yaliungua kwa mwanga, miguu haikuonekana. Halmashauri ya kijiji ilicheka, kisha ikakasirika. Na hii ya pili ikiharibika, bango la Ulaya litabaki ukutani.

"Niliona aibu hata kupita sokoni," anasema Cleopa.

Mkono wake umezoea nyuso. Kwa nyuso zetu nyeusi huifungua kamera iingize mwanga mwingi, na ndivyo alivyompiga kitwitwi, kwa mazoea, kwenye jua la mchana. Asubuhi jua ni pole, lakini asubuhi gari la hifadhi ni la wageni.

Aliyemfumbua macho ni mkewe, Siwema. "Nilimwambia, Baba Paulina, umemsahau bwana harusi wa Rudewa? Uso ulitoka, kanzu ikapotea, akakurudishia picha zako! Huyo ndege naye si kavaa kanzu?"

"Mwanamke hajashika kamera hata siku moja!" Cleopa anacheka. "Nikafungasha kamera, nikarudi bwawani."

Leo ameibana kamera iingize mwanga kidogo. Anapiga kanzu, hapigi uso. Picha kumi na moja zimekwisha, na kitwitwi kila mara hugeuza mgongo. Imebaki moja. Ndege anasimama kiubavu, anainua mguu. Tak!

Siku ya tatu, Kimamba, dirisha la stoo limezibwa kwa blanketi. Karatasi ya picha inaelea kwenye dawa ya kuisafishia. Tumbo linatokea, na manyoya yake yanahesabika. Kisha mdomo. Kisha mguu, mwembamba kama uzi, umeinuliwa. Cleopa anafuta machozi kwa kiwiko.

Jumatatu ataipeleka shuleni mwenyewe. Halmashauri ikikubali, ataomba filamu nyingine ampige korongo.

"Lakini kwanza nitasimama dirishani pa darasa," anasema. "Nataka nimsikie Paulina wangu akiulizwa huyu ni nani, na akijibu: kitwitwi."