Mkanda wa Melkiadi

Melkiadi hajawahi kuiona bahari, na sasa amekwisha kuapa kwamba hataki kuiona. Anaijua kwa madhara yake tu. Karakana yake iko Kasulu, kando ya barabara iendayo Kibondo, na ukutani imeegemezwa milango ya vioo iliyong'olewa kwenye nyumba za ufukweni Dar es Salaam. Ni ile milango mipana ya kusukuma pembeni, ambayo wenye pesa wa pwani huichoka mara tu inapoanza kukwama. Khamisi, dereva wa lori la maharage, huinunua huko kama vyuma chakavu na kupanda nayo hadi huku milimani. Lori halipendi kurudi tupu, na siku hizi mtu akijenga Kasulu bila mlango wa pwani anajiona hajajenga.

Milango hiyo hufika ikiwa imeshaliwa. Sehemu inayoumia ni reli ya chini, ule mfereji wa alumini wenye mgongo katikati, ambao magurudumu madogo ya mlango hupita juu yake. Mgongo huwa umelika, mahali pengine umevimba na kutoa unga mweupe. Mara ya kwanza Melkiadi alipouona unga ule aliugusa kwa ulimi. Ulikuwa mchungu na wenye chumvi, akatema, akasema kama bahari ndiyo hii basi waliojenga karibu nayo wana lao jambo.

Reli mpya hazipatikani Kasulu, na kuziagiza ni kusubiri mpaka mwenye nyumba ahamie kwenye nyumba isiyo na mlango. Kwa hiyo Melkiadi akabuni njia yake. Alikwenda kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, akaokota mikanda ya chuma inayofungia mabando ya bati, ile ambayo wenye maduka huikata na kuitupa. Akainyoosha kwa nyundo, akaikunja juu ya mgongo uliolika, ncha akazigeuza kwa ndani kama ukosi wa shati, akaikaza kwa skrubu za chuma. Mlango uliokuwa ukisukumwa na watu wawili ukawa unakwenda kwa kidole kimoja. Watu wakauita mkanda wa Melkiadi, na hata leo ukiingia nyumba ya ofisa yeyote aliyejenga Kasulu atakuonyesha kabla hajakukaribisha kiti.

Na jina likampanda kichwani. Tusidanganyane: Melkiadi alikuwa fundi hodari na alikuwa mtu wa kujisikia, na hayo mawili yalikaa ndani yake bila kugombana. Mteja akishauri kitu, alikuwa akimpa nyundo na kumwambia, "Haya, endelea wewe." Hakuna aliyeipokea ile nyundo.

Mtu ambaye Melkiadi alimfundisha kazi kwa moyo wote ni mmoja tu, mdogo wake Brighton, kitindamimba wa mama yao Epifania. Baba yao alifariki Brighton akiwa bado hajajua kufunga viatu, kwa hiyo Melkiadi akawa kaka na baba na mwalimu. Hakuwa mwalimu mpole. Ukosi wa mkanda ukikaa upande, aliung'oa wote, kijana aanze upya. Brighton alianza upya mara nyingi mpaka mikono yake ikawa na ustadi ambao kaka mtu aliuona, akaufurahia, na hakuusifia hata siku moja.

Ndipo Brighton akapanda lori la Khamisi akaenda pwani. Alipata kazi Kigamboni, kwenye nyumba zinazotazamana na maji, akirekebisha reli zilezile ambazo huku zilikuwa zikifika zikiwa zimekufa. Alipiga simu akiwa na furaha tele. "Kaka, huku hawaujui mkanda wetu! Wanatupa mlango mzima kwa sababu ya reli. Mimi naufunga, unateleza, wanabaki wanashangaa." Melkiadi aliirudia simu hiyo kwa kila aliyeingia karakanani, na wengine waliisikia hadi wakaizoea.

Haukupita mwaka, mlango mmoja kati ya ile aliyoitengeneza ukachomoka kwenye reli na kumwangukia mama wa mwenye nyumba, bibi mzee aliyekuwa akitoka kupunga upepo barazani. Kioo kikamchana, mkono ukavunjika. Bibi alipona, lakini Brighton alipigwa, akanyang'anywa vifaa, akafukuzwa, na mtaa mzima ukaambiwa usimpe kazi. Khamisi ndiye aliyeleta habari Kasulu, na hakuileta mikono mitupu. Aliongezea kwamba kijana alikuwa mlevi, kwamba alilipua kazi, kwamba skrubu alizifunga nusunusu. Brighton alipofika, habari zilikuwa zimeshamtangulia na kukaa kwenye kila benchi.

Alijaribu kueleza. Siku ya pili tu alimfuata kaka yake karakanani. "Kaka, ule mkanda kule haufai. Chuma kikilala juu ya alumini, ule upepo wa bahari ukiingia katikati, vinalana. Juu unaona pazima, chini pameshakuwa unga. Mimi nimeona kwa macho."

"Mkanda wangu umeshika Kasulu nzima," Melkiadi alisema bila kuinua macho. "Umeshika Buhigwe, umeshika Kibondo. Umefika mkononi mwako ndiyo umeoza? Unalaumu chuma?"

"Silaumu mtu. Nasema huku hakuna chumvi."

Melkiadi akamnyang'anya nyundo mkononi, akaitundika ukutani. Akamwambia mbele ya wateja asiguse tena chombo chochote mle ndani. Wateja walitingisha vichwa kumwonea huruma Melkiadi, kwa kupata mdogo wa namna ile.

Hilo lingeweza kupita kama mambo mengi ya ndugu yanavyopita. Lakini Brighton alikuwa na mchumba, Asnath, binti wa Mzee Tharsisi, na siku ya kupeleka posa ilikuwa imeshapangwa kabla ya mlango kuanguka. Pale kwa Tharsisi wanafuata desturi. Chungu cha pombe ya ndizi huwekwa katikati, mzee wa nyumba huuliza nani anamsimamia kijana, na yule anayemsimamia huinuka, hushika mrija wa kwanza na kunywa, kisha humpa kijana anywe. Akishanywa, amejifunga: kasoro ya kijana ni kasoro yake. Baba akiwa hayupo, anayeinuka ni kaka mkubwa.

"Tumesikia habari za pwani," Mzee Tharsisi alisema siku hiyo, ua umejaa watu. "Sisi hatukuwepo. Nyinyi mnamjua. Nani anamsimamia huyu kijana?"

Kila mtu alimtazama Melkiadi. Brighton hakumtazama, alikuwa ameinamisha kichwa, ana uhakika kaka yake atainuka. Melkiadi alikitazama chungu. Alifikiria wateja wake waliokuwa pale uani, akafikiria jina lake likinywewa kwenye mrija mmoja na aibu ya mlango ule, na akabaki amekaa. Hakusema neno. Mrija ulibaki umesimama kwenye chungu, mama Epifania akajifunika uso kwa kanga, na baada ya muda Mzee Tharsisi akasema kwa upole kwamba pombe isiharibike, wageni wanywe tu kama wageni.

Brighton hakugombana na mtu. Alihamia Kagerankanda, akawa analima mashamba ya watu kwa kibarua. Mikono ile iliyofundishwa kukunja ukosi wa chuma bila kuacha kijipengo ikaenda kushika jembe, na kaka yake akasema huenda ni heri, jembe halimwangukii mtu.

Kiangazi kilichofuata Khamisi akashusha mzigo mpya. Melkiadi akalaza mlango wa kwanza juu ya meza, akaigeuza reli ili aanze kukwangua, akasimama. Juu ya mgongo wa reli kulikuwa na mkanda wa chuma wenye kutu. Ncha zimegeuzwa kwa ndani kama ukosi wa shati.

Hakuna karakana nyingine duniani inayofanya hivyo. Alichukua tindo akaupekua polepole, kipande kwa kipande, akitafuta kosa. Aliitafuta skrubu iliyofungwa nusu, asiione. Alitafuta ukosi uliokaa upande, asiuone. Kazi ilikuwa safi kuliko ya kwake mwenyewe. Lakini pale chuma kilipoilalia alumini, alumini haikuwepo. Palikuwa na unga mweupe uliomwagika mezani, na kile kilichobaki cha mgongo kilivunjika mkononi mwake kama mkate mkavu.

"Umeitoa wapi hii?" alimwuliza Khamisi.

"Nyumba ileile ya yule bibi. Mwenyewe kaing'oa yote, hataki hata kuisikia."

"Si ulisema kijana alilipua kazi?"

"Mimi nilisema nilichosikia, fundi. Kwani vipi?"

Melkiadi alikaa chini sakafuni, kati ya milango. Moyo ulimuuma kiasi kwamba alitamani akute skrubu moja tu, moja tu iliyolegea, apate pa kujishikiza. Mdogo wake alikuwa amefanya kila kitu kama alivyofundishwa. Aliyemfundisha ndiye aliyekuwa hajui bahari ni nini, na alipoambiwa alikataa kusikia.

Asubuhi alikwenda kwa Mzee Tharsisi, kipande cha reli kikiwa kwenye mfuko. Alieleza yote, mkanda, chumvi, ule unga, na mwisho akasema alilokuja kusema: "Mzee, kosa ni langu. Namsimamia mdogo wangu. Leta chungu leo hii, nitakunywa."

Mzee Tharsisi alikigeuzageuza kile kipande, akakirudisha. "Ego, ndiyo, nimeona. Ni chuma kibovu. Mimi mkulima, chuma kibovu kwangu ni kibovu tu." Akamshika mkono. "Una moyo mzuri, Melkiadi. Kaka mwingine asingekuja. Lakini siku ile nilikuuliza mbele ya watu, nawe ulikuwa na akili zako. Leo huruma imekushika, unataka kujitwika mzigo wa mtoto. Sikulaumu."

"Si huruma, mzee. Ni kweli."

"Oya, hapana, usiseme hivyo. Binti nimeshawapa watu wa Kibondo. Wameshakunywa."

Melkiadi alitoka pale akiwa hana pa kupeleka macho. Akaamua, basi, angalau jina la kijana lisafike. Akasema karakanani, kwa sauti, mbele ya waliokuja kuchukua milango yao. Akasema nje ya kanisa baada ya misa. Aliwaonyesha ile reli. Watu waliitazama kidogo na kumtazama yeye sana, macho yamejaa heshima. "Huyu ndiye kaka," walisema. "Anamfichia mdogo wake mpaka anajipaka matope." Benedicto, ofisa aliyehamishiwa Kasulu kutoka Iringa, alimpiga bega na kumwambia, "Wewe ni muungwana. Mdogo wangu angeniaibisha hivyo ningemkana." Kisha akaagiza mlango wa sebuleni, na akasisitiza uwe na mkanda.

Aliyemwamini ni mama yake peke yake. Epifania alimsikiliza akichambua maharage, hakumkatiza. Alipomaliza, mama alisogeza ungo pembeni. "Nilijua," alisema. "Mtoto yule hajui kulipua kitu. Lakini wewe sasa nyamaza. Mmoja ameshaharibikiwa, mnataka muwe wawili? Tutakula nini?"

Ilibidi aende Kagerankanda. Alimkuta Brighton katikati ya shamba la mtu, amekonda, mikono imepasuka, analima mstari wake bila haraka. Melkiadi hakumwamkia wala hakungoja kuamkiwa. Alisimama kwenye udongo uliochimbuliwa, akamwambia kwamba reli imefika, kwamba ameiona, kwamba kazi yake ilikuwa safi na kosa lilikuwa la aliyemfundisha. Alilia alipokuwa akisema, mtu mzima yule, na hakujifuta.

Brighton aliegemea jembe. "Asnath je?"

"Amepewa watu wa Kibondo."

Kijana akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei. "Na watu umewaambia?"

"Nimewaambia wote. Karakanani, kanisani, kwa Tharsisi. Hawaniamini. Wanasema nakufichia. Wananisifu, mdogo wangu. Kila nikisema, wananisifu."

Brighton akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha wala hasira.

"Siku ile hukusema hata neno moja, kaka," alisema, "na wakaamini yote."

Akainama, akaendelea na mstari wake.