Siku Niliyoomba Wembe Ukweni

Jamani, nikiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Mikumi, maana wao wanaongeza chumvi: ni kweli, niliomba wembe ukweni, mchana kweupe, mbele ya baba mkwe, mama mkwe, majirani na watoto wa mtaa mzima, tena siku ambayo nilikwenda kumrudisha mke wangu. Na hilo la wembe wala siyo aibu yenyewe. Aibu yenyewe inakuja, vumilieni.

Mke wangu anaitwa Zuhura. Aliondoka hapa kwetu Kilosa akarudi kwao Mikumi kwa sababu ya neno nililolitoa kwa mdomo wangu huu huu. Tulikuwa tunagombana kwa jambo dogo (mimi kuchelewa kurudi, yeye kuuliza, mimi kukasirika kwa nini naulizwa), nikamwambia, "Kama umechoka, kwenu si mbali." Asubuhi akafunga begi, akaenda. Nikajisemea atarudi baada ya siku tatu, huyo namjua. Zikapita siku tatu, zikapita wiki tatu, ikatimia miezi minne, na nyumba yetu ya vyumba viwili ikawa kubwa kuliko uwanja wa mpira. Nilimkumbuka, jamani, sifichi. Nilikumbuka hata vile anavyobishana na redio, anachambua mchele huku anamwambia mtangazaji, "Muongo wewe!" Ikawa jioni nawasha redio naisikiliza peke yangu, inasema uongo wake wote na hakuna wa kuijibu.

Sasa kuna mashine. Zamani nilikuwa dereva kwenye kambi moja ya watalii huko upande wa Mikumi, na kambi ilipofungwa mwenye kambi akaniachia pikipiki moja chakavu, zile za magurudumu manne, zinazochuchumaa kama chura. Watu wa Kilosa wakaiita Chura na jina likakaa. Huyo Chura ndiye aliyenipatia mke. Enzi za kambi nilikuwa nikimaliza kazi jioni naichukua, nampitia Zuhura, anakaa nyuma, ananishika kiuno kwa mikono miwili, tunakwenda mpaka mwisho wa mashamba, tunageuza, namrudisha kwao (mama yake alijua, akajifanya hajui). Tulipooana, yeye ndiye akawa msaidizi wangu wa kuseti tapeti.

Kwa asiyejua: juu kwenye injini kuna vali mbili, moja inaingiza mafuta na hewa, nyingine inatoa moshi, na kila moja ina skrubu yake, ndiyo hiyo tapeti, inayotakiwa kuachiwa kinafasi kidogo, unene wa wembe hivi. Ukiacha nafasi kubwa, injini inagonga taka-taka-taka. Ukibana sana, vali haifungi na injini haiwaki. Mafundi wa mjini wana geji ya kupimia, sisi wa nyumbani tunapima kwa wembe, na ni kazi ya watu wawili. Zuhura alikuwa anazungusha injini kwa spana, jicho kwenye tundu la alama, ikifika anasema "Hapo hapo!", na mimi napitisha wembe. Tena lazima injini iwe imelala usiku mzima, imepoa kabisa. Kwa hilo Zuhura hana mchezo. Nikijidai nina haraka, ananipokonya spana anaingia nayo ndani.

Basi, nikamwomba shangazi yangu, Shangazi Mwanahawa, anisindikize, maana kwetu mtu hajisemei ukweni kwenye jambo kama hilo, anasemewa. Shangazi akasema tupande basi la asubuhi. Nikasema hapana shangazi, mabasi yanachelewesha, tutakwenda na Chura. Hapo ndipo nilipoponzeka. Mambo ya kuchelewa yalikuwa maneno tu. Nilichotaka ni Zuhura arudi amekaa nyuma yangu, amenishika kiuno kama zamani (shangazi angerudi na basi, nilishampangia bila kumwambia).

Ijumaa asubuhi nikaenda kujaza mafuta, na Chura siku hiyo anagonga kuliko siku zote, taka-taka-taka, mpaka kijana wa kituoni akaniuliza, "Kaka, unaendesha au unashona?" Watu wakaangua kicheko. Nikawaza, niingie ukweni na cherehani? Nikarudi nyumbani mbio, injini ya moto hata mate yanachemka juu yake, nikafungua vifuniko vya tapeti, nikaseti peke yangu, huku nazungusha, huku nachungulia, huku napima, vidole vinaungua, na robo saa haikuisha nikawa nimemaliza. Nikawasha. Kimya! Ananguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Nikajipongeza kwa sauti, na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine nikajijibu "Ahsante." (Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini mafundi wote duniani wanasubiri injini ipoe. Ikiwa ya moto imevimba, ile nafasi unayopima siyo yenyewe. Ikipoa inajirudi, nafasi inakwisha, vali zinabaki wazi.)

Shangazi alipofika na kitenge chake kipya alizunguka mashine mara mbili. "Shabani mwanangu, mimi nipande hili dude?"

"Shangazi, hiki ni kama kiti cha sebuleni."

Akapanda, kapu la mchele mapajani, jogoo wa zawadi kafungwa miguu, na njia nzima anasoma dua zote anazozijua. Tulipofika Ulaya (Ulaya yetu hii ya Kilosa, siyo ile ya Wazungu) akashuka kununua maji, sikuzima. Zombo tukasimama kidogo, sikuzima. Nilikuwa naona raha tu kusikia ule ukimya wa tapeti. Mara ya kwanza kuzima ilikuwa saa sita na ushee, katikati ya uwanja wa wakwe zangu, watoto wameshatuzunguka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmefika na vumbi lote la Kilosa," akasema baba mkwe, lakini alitabasamu, nikaona mwanzo mzuri. Tukaenda wote msikitini, tukarudi, tukala, tukakaa mkekani kwenye saa tisa. Baba mkwe bado yuko na kanzu yake ya Ijumaa, nyeupe, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Zuhura akatoka ndani, akakaa karibu na mama yake. Alikuwa amesuka upya, na mimi nikaona aibu, nikatazama chini.

Shangazi aliongea, jamani. Aliniombea msamaha kwa ufasaha hata mimi mwenyewe nikajionea huruma. Kijana wetu amekosa, kijana wetu amekonda, kijana wetu halali. Alipomaliza, baba mkwe akauliza, "Zuhura, umesikia. Unasemaje?"

Zuhura akanitazama. Akanitazama kwa muda, akisubiri kitu, na mimi badala ya kufumbua mdomo nikamtazama jogoo. Akashusha pumzi. "Nitakwenda, baba."

Vigelegele! Begi likafungwa nyuma ya Chura, majirani wakatoka kuaga, Zuhura akapanda, mikono yake ikanishika kiuno. Miezi minne! Machozi yalinilenga pale pale, bahati nilikuwa nimewapa watu mgongo. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia.

Nyi-nyi-nyi-nyi. Wapi.

Nikabonyeza tena. Nyi-nyi-nyi. Vijana wakajitolea kusukuma, wakatusukuma mpaka barabarani na kuturudisha, mimi na mke wangu tumekaa juu kama maharusi wa maigizo, Chura akajibu mara moja tu, PAA!, jogoo akakata kamba akapotelea migombani, basi. Jirani mmoja, Mama Tunu, mwanamke ana mdomo huyo, akauliza kwa sauti, "Mkwe kaja kumfuata mke au kaja kufanya servisi?"

Nikashuka, nikapiga magoti na nguo zangu za Ijumaa, nikafungua vifuniko vya tapeti, na bila kufikiri, kichwa kimejaa vali, nikageuka kwa mama mkwe nikasema, "Mama, naomba wembe."

Watoto wakarudi nyuma.

"Wembe!" mama mkwe akashika kifua. "Yarabi toba! Wembe wa nini, mwanangu?"

"Mshikeni!" Mama Tunu akapiga kelele. "Anataka kujidhuru huyo! Au anataka kumdhuru mtoto wa watu!" Na kabla sijaeleza, jamaa mmoja dereva wa lori la miwa wa Kidodi, aliyekuwa anapita zake, akanidaka kwa nyuma akaninyanyua miguu ikaning'inia, mimi napiga kelele "Tapeti! Ni tapeti!", na ndugu zangu, ukining'inia hewani unapiga kelele "tapeti" hakuna anayekuona mzima.

Aliyeniokoa ni Zuhura. Alikuwa ameshaingia ndani bila kuulizwa, akatoka na nyembe mbili, akasema, "Mwacheni, anapimia injini." Nikashushwa. Akachuchumaa karibu yangu, kwa sauti ya chini akaniuliza, "Uliiseti ya moto?"

Nikajifanya natafuta bisibisi.

"Nikuzungushie?"

Hapo, jamani. Hapo ningesema ndiyo, leo nisingekuwa na mkasa. Lakini niliwaona watu wote wale wananitazama, nikaona haya mke wangu ashike spana mbele ya baba yake siku ya kurudishwa, nikasema, "Niachie, naijua kazi yangu. Kaa na mama." Akainuka. Sikumwangalia usoni, na sasa nashukuru.

Nikalegeza skrubu ya kwanza, nikalegeza ya pili. Baba mkwe, mzee wa watu, akasogea akainama kuchungulia, akaniambia kwa upole, "Kumbe ndani yake ndivyo kulivyo." Na Shangazi Mwanahawa, aliyekuwa amekaa juu ya Chura kupumzika, akaona ananisaidia. "Ngoja tujaribu sasa," akasema, akabonyeza kitufe.

Ikawaka. Ikawaka, vifuniko viko mkononi mwangu! Oili nyeusi ikaruka juu kama maji ya bomba lililopasuka, ikampiga baba mkwe kuanzia kofia mpaka kiuno, na mimi katika kuwania kuzima nikakandamiza mafuta, Chura akanguruma zaidi, oili ikamfikia mama mkwe, ikaufikia mkeka, ikamfikia Mama Tunu (huyo sikusikitika). Wote tunapiga kelele, hakuna anayesikika. Zuhura akapita katikati yetu, akanyoosha mkono, akazungusha ufunguo. Kimya.

Baba mkwe alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Kanzu ilikuwa na madoa kama kanga. Tazameni, hakunitukana. Alisema tu, "Shabani," akaingia ndani.

Ndipo nikamsikia Zuhura anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika, na mimi nimesimama na oili usoni nacheka pia kwa ile furaha ya kumsikia, nikijua mambo yamekwisha, tutapanda hata basi. Kisha akaacha kucheka. Akafuta macho, akaenda kufungua begi lake kwenye Chura, kamba moja, kamba ya pili.

"Shangazi, nisamehe," akasema. "Tangu saa tisa nakusikia unaniomba nirudi, na umeomba vizuri. Lakini mimi siishi na wewe, naishi na huyu. Huyu hajaniambia neno hata moja, na nilipotaka kumsaidia kanifukuza." Akabeba begi akaingia ndani.

Tulirudi Kilosa na basi la mwisho, mimi na shangazi, Chura tukamwacha pale uwanjani. Tulipokaribia kufika shangazi akanigeukia. "Kumbe mimi nimeongea sana," akasema. Nikamwambia hapana shangazi, mimi ndiye niliyenyamaza sana, na nikageukia dirishani ili asinione.

Jumapili jioni simu ikaita. "Imewaka," Zuhura akasema, hata salamu hakuna.

"Nani kawasha?"

"Mimi. Ilikuwa imepoa. Mimi nimezungusha, mama kashika wembe." (Mama mkwe! Nilitamani ardhi inimeze.)

"Zuhura."

"Abee."

"Lile neno la kwenu si mbali, nilikosea. Wala hujanichosha. Nakuomba unisamehe. Nimekukumbuka mpaka naumwa."

"Shangazi yuko hapo anakufundisha?"

"Niko peke yangu."

Nikaangalia simu kama imekatika. Kisha akauliza, "Umekula?"

Basi, mkasa wangu ndio huo. Mimi na kuseti tapeti ya moto tumeachana kabisa, na mtu akitaka kunisemea kwa mke wangu tena nitamkimbia. Zuhura hajarudi bado. Anasema anafikiria, na mimi nimeapa simharakishi. Ila kila jioni anapiga simu, ananiuliza kama nimekula, na mimi, hata kama ndio kwanza natoka kunawa mikono baada ya kula, namwambia bado, ili asikate simu.