Nusu ya Swali

Kazi ya Vidole ni kuchapa maneno ya watu wengine yakiwa bado ya moto. Mtu anaongea, yeye anachapa, na kiziwi aliyekaa ubavuni kwake anasoma kwenye skrini. Jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Hata mama mkwe wake anamwita Vidole. Na ana majivuno yake, tusimfiche. Tangu aanze kazi hii hajawahi kumwambia mtu "rudia". Mchapaji anayesema "rudia" humwona sawa na mpishi anayemwomba mgeni aje akoroge mwenyewe.

Sasa laptopu ikaanza kumwaibisha. Kwanza kitufe cha nafasi kilizama kikawa hakitaki kurudi juu, maneno yakatoka yameng'ang'aniana. Kisha herufi zikaanza kususa, leo hii, kesho ile. Na unafiki wake sasa: akimwita mtu aje aone, zinaandika vizuri kabisa, yeye ndiye anaonekana mzushi. Alipuliza, akafuta, akaigeuza kichwa chini na kuipigapiga mgongo kama mtoto aliyepaliwa. Wapi.

Jumatatu akaipeleka dukani alikoinunua. Dada wa dukani aliibonyeza huku na huku, ikamwandikia bila kinyongo.

"Nakuamini, hizi ndivyo zilivyo," alisema yule dada. "Waranti yako inaisha Ijumaa. Tutakubadilishia kibodi bure, ila itabaki kwetu kama wiki nzima. Na ukitaka kuongeza waranti, mafundi lazima waikague kabla ya hiyo ya kwanza kuisha."

"Alhamisi nina kazi isiyongoja."

"Basi ilete Ijumaa asubuhi. Lakini nisikilize vizuri. Asiifungue fundi wa nje, na kisiingie kitu ndani. Maji, chai, mafuta, chochote. Wakikuta kitu, umekosa matengenezo na umekosa nyongeza."

Kazi ya Alhamisi ilikuwa ya fundi umeme mmoja ambaye homa ilimchukulia masikio akiwa mtu mzima. Kusema anasema, tena kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa, lakini hasikii hata mlango ukibamizwa. Miaka yote ametandaza nyaya kwenye nyumba za watu, na kazi ikiisha anayetia sahihi ni mwingine mwenye leseni. Mtihani wa mdomo ulimwangusha mara ya kwanza kwa sababu aliyekaa naye alikuwa anamwandikia muhtasari kwenye karatasi, akajibu mambo ambayo hakuulizwa. Hii ilikuwa mara ya mwisho kuruhusiwa. Akianguka, anarudi kuwa mwanafunzi pamoja na vijana aliowafundisha mwenyewe.

Mume wa Vidole ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho karakana yake. "Nunua kibodi ya kuchomeka," alimwambia mkewe. "Hii ikigoma, unachomeka ile."

"Mchapaji wa kutembea na kibodi mbili ni kama mtu aliyefunga mkanda na bado ameshika suruali."

Mume alicheka, lakini Jumatano jioni alimwona mkewe akifanya mazoezi ya kuchapa huku anafuta machozi kwa mgongo wa mkono, na kicheko kikamwisha. Huyu ni mwanamume ambaye kwake chochote kinachokwama kina dawa moja. Bawaba, mkasi, kufuli, baiskeli ya mtoto, vyote huvitibu kwa kile kichupa cha mafuta ya cherehani kilichoko rafuni. Vidole alipokwenda kuoga, laptopu ilibaki mezani.

Alhamisi asubuhi vitufe vilikuwa laini ajabu. Vidole alishukuru, akadhani mashine imemwonea huruma.

Chumba cha mtihani kilikuwa na meza ndefu na watahini watatu. Mwenyekiti wao, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alisoma masharti. Kila swali husomwa mara moja. Mchapaji haongei na mtahiniwa wala hampi ishara. Akifanya hivyo, mtihani unafutwa.

Maswali ya mwanzo yalikwenda. Fundi umeme alisoma, akajibu, akarudisha macho kwenye skrini. Laptopu ikapata joto. Ndipo Vidole alipohisi ncha za vidole zinateleza, na harufu ikampanda puani, harufu ya chumba chake cha mbele. Hakuhitaji kuambiwa. Lakini mtahini alikuwa ameshaanza kusoma.

"Umeitwa kiwandani. Umezima swichi kuu. Mwenzako anataka kufungua kifuniko cha mashine. Utamruhusu lini, ukijua kwamba jengo lina jenereta inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika?"

Skrini iliandika mpaka "Utamruhusu lini" ikaishia hapo. Vidole alibonyeza, akabonyeza tena kwa nguvu. Vitufe vilishuka na kupanda kwa adabu, na hakuna kilichoandikwa.

Fundi umeme hakujua. Kwake swali lilikuwa zima, tena rahisi. "Nikishafunga swichi kuu kwa kufuli," alianza kwa ile sauti yake kubwa, "na ufunguo nikautia mfukoni mwangu..."

Mtahini wa pembeni aliinua kalamu. Jibu lile, kwenye jengo lenye jenereta, ni jibu la kumuua mwenzako. Vidole alitamani kumfinya chini ya meza. Angemfinya, mtihani umefutwa. Angenyamaza, ameanguka. Lile neno ambalo hakuwahi kulitamka lilikuwa zito kulitoa.

Akasimama. "Mwenyekiti, naomba swali lirudiwe. Halijafika lote. Mashine imekufa."

"Mchapaji haongei."

"Na mtahiniwa siongei naye. Naongea nanyi."

Fundi umeme alikatisha jibu, akawatazama mmoja mmoja, mikono wazi. Hakuna aliyeweza kumweleza.

Mwenyekiti alivaa miwani. "Tutajuaje kama mashine imekufa? Labda umemwona anakosea ukaamua kumwokoa."

Swali lilikuwa la haki, na ndilo lililomtisha Vidole kuliko yote. Aliijua laptopu yake. Mbele za watu haikosi kujifanya nzima. Aliigeuza ikawaelekea watahini. "Bonyeza mwenyewe," alisema.

Mwenyekiti alibonyeza kitufe kimoja. Akabonyeza kingine, kisha safu nzima, huku Vidole akiomba kimoyomoyo isiandike. Haikuandika. Mwenyekiti alitazama kidole chake kilivyong'aa, akakinusa.

"Haya ni mafuta gani?"

"Ya cherehani," alisema Vidole. "Ni mambo ya nyumbani."

Mtahini wa pembeni alikohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti hakucheka, ila alimwita karani wa ofisi ya mbele, kibodi ya karani ikachomolewa na kuletwa na waya wake unaburuta. Swali likasomwa upya, lote. Fundi umeme alilisoma, na lilipofika kwenye jenereta rangi ikamtoka.

"Nayafuta niliyosema," alisema, safari hii polepole. "Simruhusu mpaka jenereta nayo nimeizima na kuifungia isijiwashe, na kipimo kimeniambia hakuna umeme. Yale ya kwanza yangemuua mtu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Vidole alikuwa anapanga matusi. Alimkuta mume wake kwenye cherehani, akamsikia akiuliza kwa furaha kabla hata hajavua viatu: "Vipi, zimelainika?" Matusi yote yakamkimbia. Alimsimulia tu, na mume akaondoa mguu kwenye kanyagio.

Ijumaa walikwenda dukani wawili. "Kuna chochote kimeingia ndani?" aliuliza yule dada.

Vidole angeweza kusema hapana na kulipia nyongeza. Lakini jana yake watu watatu walimwamini kwa neno lake. "Mafuta," alisema.

"Niliyatia mimi," mume akadakia.

Dada wa dukani alirudisha laptopu upande wao wa meza. "Basi hapa hamna waranti, ya zamani wala ya kuongeza." Kwa ile hela waliyokuja nayo wakanunua kibodi ya kuchomeka, na mume akaishonea mfuko wenye kamba ya begani.

Leseni ya fundi umeme ilipotoka, kazi ya kwanza aliyoitia sahihi kwa jina lake mwenyewe ilikuwa soketi mpya kwenye chumba cha mbele cha Vidole, na malipo alikataa. Alipomaliza alinyoosha mkono rafuni, akachukua kile kichupa cha mafuta alichokwisha kusimuliwa na kukitia kwenye mfuko wake wa zana.

"Shemeji, ukiyahitaji utaniita," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Nitakuja nikutilie mwenyewe."

Mume akamfungia mfuko.