Siku Ngoy Alipogeuka Treni

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, mama mkwe wangu alipomwamuru mume wangu apige magoti.

Tulikaa Katuba, mtaa ukiwa bado mpya, na Ngoy wangu alifanya kazi ya kuunganisha mabehewa kule relini. Ilunga, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa amepita umri wa miaka miwili bila kutamka neno. Alisikia vizuri, alicheka, lakini hakusema. Majirani walinitajia dawa za kila namna, nami nikakonda kwa mawazo.

Ngoy hakuwa mtu mbaya. Alirudi kutoka kazini, akala bukari yake, ule ugali wetu, akamtazama mtoto kama anayekagua behewa, akaenda kulala. Kwake, baba kucheza chini na mtoto kulikuwa kujivunjia heshima.

Ndipo mama yake akaja kututembelea kutoka kaskazini. Alituangalia siku chache, kisha akasema:

"Ngoy, mutoto uko unamulisha, lakini hauko unamusemesha. Atajifunzia wapi? Shuka chini, ukuwe treni yake."

"Mama, bantu batanicheka."

"Bacheke. Nitabapatia na viti."

Nani angemkatalia mama? Ngoy akapiga magoti, mtoto akapanda mgongoni, treni ikanguruma ndani ya nyumba. Penye mtungi ikasimama. "Tumefika wapi?" Akageuza shingo, akangoja, kama mama alivyomwelekeza. Kisha akajijibu mwenyewe: "Tumefika Maji!" Wakaenda mpaka kwenye kinu, mpaka mlangoni. Ikawa hivyo kila jioni.

Wiki zikapita. Siku moja Ngoy alisimama apumue, Ilunga akampiga kofi begani: "Enda!"

Mwiko ukaniponyoka.

"Mulisikia?" Ngoy akapaza sauti. "Mutoto iko anasema!" Akatoka naye nje vilevile kwa magoti, akapiga filimbi ya treni kwa mdomo mbele ya majirani, machozi yakimtoka. Walicheka kweli, na mama mkwe aliwashinda wote.

Mwanangu, si kila anayechelewa kusema hufunguliwa na mchezo. Wengine wanahitaji daktari, wapeleke. Lakini hakuna mtoto asiyehitaji kuchezeshwa. Usingoje vitu vya dukani, sufuria na kifuniko vyatosha. Mwache yeye aongoze. Muulize, kisha nyamaza, umpe nafasi ajibu, hata kama ni kwa macho tu. Na kama wewe ni baba, usimwachie mama peke yake furaha hiyo.

Mungu akujalie nyumba yenye makelele ya watoto, na akuweke mpaka usikie makelele ya watoto wao.