Okestra ya Midomo

Okestra yetu ya taarab ilianza Unguja, kwenye karakana ya seremala, kwa udi mmoja na ngoma ya dumbaki ya kuazima. Nilipoingia mimi tulikuwa tayari watu wa suti nyeusi: fidla mstari mzima, sello, nai ya kupuliza, na mbele yetu Maalim, kiongozi wetu, na ganuni yake ya nyuzi. Kila tamasha lilifunguliwa kwa bashraf, ala zote pamoja bila mwimbaji. Aliyechelewa bashraf hakupewa kiti. Maalim hakuwa na mchezo.

Mwaka wa sitini na nne mapinduzi yakatutawanya. Wanne kati yetu tulifika Maskati, mikono mitupu, na huku nako muziki ulikuwa marufuku mitaani. Basi kila Ijumaa baada ya swala tulikutana mtaa wa Matrah, chumbani kwa Maalim, tukafunga madirisha na kupiga bashraf kwa midomo. Fidla niliitoa puani. Mpiga sello alikoroma kama mgonjwa wa pumu. Maalim alichezesha vidole juu ya mkeka, na ukikosea anakurudisha mwanzo, jasho linakutoka. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

"Siku mlango ukifunguka," Maalim alituapia, mkono juu ya msahafu, "tutaketi vile vile, kila mtu pahala pake. Wallahi."

Niliishi kwa kiapo hicho. Nilikuwa nikipakua magunia bandarini, na vidole nilivifunga vitambaa visije vikakakamaa.

Mwaka wa sabini mlango ukafunguka kweli. Mtawala mpya, muziki redioni, wasomi wanatafutwa kwa tochi. Maalim akapata cheo serikalini, na Ijumaa zetu zikafa. Nikajisemea, ana shughuli, muungwana hasahau. Nilipopata fidla kwa Mhindi mmoja sokoni sikupita hata nyumbani. Nilikwenda kwake moja kwa moja, nayo kwapani.

Sebule ilijaa wakubwa wenye majoho.

"Maalim," nikasema kwa furaha, "nimeipata! Twaanza lini?"

Mgeni mmoja akamtazama Maalim. "Kumbe nawe ulikuwa mpiga muziki?"

"Astaghfirullah!" Maalim akacheka. "Sie kwetu hatukuwa watu wa ngoma. Huyu bwana nadhani kanifananisha."

Kanifananisha! Mtu aliyekuwa akinifinya sikio nikikosa nusu ya sauti! Mapinduzi yalininyang'anya nyumba, nikasema ni kadari. Neno lile sijalisamehe mpaka leo, na simuombei heri.

Mgeni akanigeukia mimi. "Na wewe je?"

"Mie nnapiga fidla," nikamjibu. "Na alonifunza ndiye huyo alokukaribisha kahawa."

Maalim alikitazama kikombe chake. Kwetu mgeni husindikizwa na mwenye nyumba hadi mlangoni, hata kama mmegombana. Siku ile alimwita mtumishi anitoe.